Sufuria za Wakfu na Programu Iliyoitwa Futari

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikifika umri wa kusahau jina langu sitaisahau. Nilikuwa Ruiru, kwenye ua wa msikiti, mikono imejaa masizi, nikimtazama mama mmoja mtu mzima akigeuza kiti chake cha plastiki mpaka kikaelekea ukutani. Nyuma yake kijana alikuwa akisugua sufuria kubwa ya pilau, na kusema kweli alikuwa akiisugua vibaya. Mama yule hakumwambia neno. Aliutazama ukuta mpaka kijana akamaliza, ndipo akakirudisha kiti mahali pake na kuendelea na mazungumzo.

Nitakueleza sababu, ila usiniharakishe. Haraka haraka haina baraka, na mimi siku hizi hata chai nainywa ikiwa imepoa. Juzi ulikuja hapa nyumbani kwangu, kijijini Theta, ukaniambia programu yako sasa inatumiwa na watu usiowajua, na kwamba kuna wakfu wa programu huria ulio tayari kuipokea na kuitunza. Ukaniuliza, "Babu, nikishaitoa, mimi nitabaki na nini?" Nilikujibu tutaongea. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi nikiwa kijana, na jibu lake si la kusemwa mtu akiwa amesimama mlangoni.

Basi kaa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kijana wa Makongeni, Thika. Baba yangu alitoka Mumias, mama yangu alikuwa Mkamba, na mimi nikakulia katikati ya ving'ora vya viwanda nikidhani kila mji duniani huamshwa hivyo. Nilipata kazi katika kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda, katika chumba cha kompyuta. Mwenzangu humo alikuwa Wafula, mlokole wa kutoka Bungoma, mtu wa kwaya, mcheshi, mwenye kunitania mwaka mzima na kunihurumia mwezi wa Ramadhani. Hakuwahi kula mbele yangu nikiwa nimefunga, hata nilipomwambia haidhuru.

Kule Ruiru aliishi Mama Hadija, ambaye mama yangu alimwita dada. Hawakuwa ndugu wa damu. Walikuwa wamepika pamoja matanga na harusi nyingi mpaka undugu ukajitengeneza wenyewe. Alikuwa mama wa sauti kubwa, aliyewahi kuwa na hoteli karibu na stesheni, na ukienda kwake hukuondoka na njaa wala hukuondoka bila kusemwa. Kila Ramadhani alinialika kufuturu kwake angalau mara moja.

Siku hizo sote, Thika na Ruiru, tulifuturu kwa ratiba iliyochapwa Mombasa. Mfanyabiashara mmoja aliileta kila mwaka, karatasi nzuri yenye picha ya msikiti, tukaibandika ukutani na kuiamini. Basi jioni moja tumekaa kwa Mama Hadija, saa ya ratiba ikafika, tukasema bismillahi, tende zikaingia mdomoni. Mama Hadija akatokea nje na jagi la uji, akasimama mlangoni akituangalia.

"Ai! Nyinyi mnakula nini na jua bado iko pale juu ya kahawa inatuangalia?"

Tulitoka nje tukiwa na kokwa mdomoni. Kweli, jua lilikuwa pale, jekundu, limekaa juu ya mashamba ya kahawa upande wa Kiambu, halina haraka na mtu. Mombasa iko mashariki yetu, mwanangu, kwao jua hutangulia kuzama. Tulikuwa tukifuturu kwa jua la watu wengine. Imamu, aliyekuwa amealikwa pamoja nasi, alisema siku ile tutailipa. Mzee mmoja akauliza, "Na za miaka iliyopita?" Imamu akakohoa, akasema Mungu ni mwingi wa rehema, tukaingia ndani tukasubiri.

Hapo ndipo Futari ilipozaliwa. Hesabu za jua nilifundishwa na mwalimu mmoja wa jiografia. Mkubwa wangu kazini akaniruhusu kutumia kompyuta saa za chakula cha mchana, na kwa kuwa katika Ramadhani sikuwa na chakula cha kula, nilikuwa na nafasi tele. Uliipa programu mji wako, yaani uko umbali gani mashariki au magharibi, kaskazini au kusini, nayo ikakuchapia nyakati za swala za mwezi mzima. Niliwapa watu bure. Wauzaji wa nguo walibeba disketi zake mpaka Mumias, Isiolo, Arusha, na kila aliyeipokea alimnakilia mwenzake.

Baadaye mtandao ulipotufikia, Wafula akanijia na wazo.

"Buda, usiwape programu tu. Weka na code yenyewe, zile maandishi za ndani, huko nje, kila mtu aisome. Kuna majamaa wataitengeneza bure kukushinda."

"Na wakiiharibu?"

"Si wewe ndio utakuwa na password? Yako wataharibu aje?"

Tukaiweka. Ndiyo maana ya programu huria, na wewe unajua kuliko mimi: mlango wazi, asome anayetaka, arekebishe anayejua, anakili anayehitaji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaja Msomali mmoja aishiye Norwei, ambako jua la kiangazi halitaki kulala, akanionyesha kwamba hesabu yangu huko inagonga mwamba, akaitengeneza. Akaja dada mmoja wa Malesia, jina lake Norhayati, msichana wa chuo kikuu, mpole wa maneno na mkali wa macho, aliyeona makosa yangu kama mama anavyoona tope kwenye kiatu cha mtoto. Sikuwahi kuwaona hao watu, lakini niliwaombea dua kwa majina.

Lakini nakala rasmi, ile ambayo kila mtu aliitegemea, ilikaa mahali pamoja mtandaoni, na neno la siri la kuibadilisha nilikuwa nalo mimi peke yangu. Na ulipoifungua Futari, kabla ya jambo lolote, ukurasa wa kwanza ulisema: Imetengenezwa na Rajabu wa Makongeni, Thika.

Usinicheke. Nilikuwa na sababu. Siku moja baba yangu alikuja kazini kunitembelea, nikamketisha mbele ya kompyuta, nikamfungulia. Baba hakuwa msomaji mwepesi. Aliweka kidole kwenye kioo, akasoma herufi moja moja mpaka akalipata jina langu, kisha akalisoma tena. Akasema, "Kumbe jina letu limefika mbali." Hakuwa mtu wa kusifu watoto, na hayo ndiyo maneno makubwa zaidi aliyowahi kuniambia.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwaka wa mwisho wa karne. Baba aliugua akiwa Mumias. Nilikwenda kumuuguza, nikakaa wiki nyingi, na mwishowe tukamzika huko. Kule kijijini hapakuwa na mtandao, na hata ungekuwepo nisingekuwa na moyo wa kuutazama. Niliporudi Thika nikafungua barua pepe, nikazikuta zimerundikana. Za mwanzo zilikuwa za Norhayati. Aliandika kwamba Futari inasoma mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho tu, kwa hiyo ikifika mwaka elfu mbili itaona sufuri mbili na kuchanganyikiwa. Alikuwa amejaribu kuchapa ratiba ya Ramadhani iliyokuwa inakuja. Mwezi ule ungeanza Desemba na kumalizikia Januari. Desemba yote ilitoka sawa. Kuanzia Januari mosi, Futari ilisema Magharibi ni saa tisa alasiri.

Kosa hilo lilikuwa la wengi. Programu nyingi duniani zilikuwa nalo mwaka ule. Norhayati alikuwa amelirekebisha tayari, lakini marekebisho yake yalikaa mlangoni kwangu yakisubiri niyaingize, nami nilikuwa Mumias na neno la siri kichwani. Barua zake zilizofuata hazikuzungumzia tena programu. Ziliuliza tu, "Ndugu Rajabu, uko salama?"

Wengine hawakuweza kungoja. Walichukua nakala wakajirekebishia, huyu hivi, yule vile, na nakala hizo hazikukubaliana. Kuna mji mmoja ambao tayari ulikuwa na ratiba mbili ukutani, na watu wa safu moja ya swala walikuwa wameanza kurushiana maneno. Mwanangu, niliandika Futari ili watu wafuturu pamoja. Kuona imeanza kuwagawa kuliniuma karibu kama msiba wenyewe.

Katikati ya barua hizo kulikuwa na moja kutoka shirika la ng'ambo linalotunza programu huria. Walikuwa wamewahi kuniandikia nikawajibu juu juu. Sasa walisema: tukabidhi jina la Futari, mahali inapohifadhiwa na haki zake, nasi tutaweka kamati ya watunzaji kutoka wanaoifahamu. Wewe ukipenda utakuwa mmoja wao. Haitauzwa, haitafungwa, na hakuna mtu mmoja atakayekuwa mmiliki wake, hata wewe.

Maneno hayo ya mwisho niliyasoma mara nyingi. Nikaandika jibu: nakubali, ila kwa masharti. Hakuna badiliko litakaloingia bila idhini yangu, na jina langu libaki ukurasa wa kwanza daima. Wafula alilisoma begani mwangu, akaguna. Nikamwambia sitalituma kwanza, nina shughuli ya kumalizia. Nilikuwa nimemfanyia baba hitima, kisomo cha kumwombea, kule Makongeni, watu wamejaa mpaka barabarani, na pilau ilikuwa imepikwa kwa zile sufuria kubwa za msikiti wa Ruiru. Ilinibidi nizirudishe.

Basi Jumamosi nikakodi pikapu, mimi na Wafula tukazipeleka. Kwa desturi ya pale unazirudisha zimeoshwa, halafu vijana wa msikiti wanazisugua tena mbele yako, nawe unawasaidia kwa heshima. Mama Hadija alikuwa ameketi uani akingoja kunipa pole tena. Ndipo nikamwona akigeuza kile kiti.

"Mama, mbona unaangalia ukuta?"

"Nikiangalia huyo kijana nitasema. Afadhali niangalie ukuta."

Kijana alipomaliza, Mama Hadija akageuka, akanitaka hali, nikamweleza yote: Futari, Norhayati, ratiba mbili, shirika la ng'ambo. Sikudhani angefuata, lakini alisikiliza akitikisa kichwa mahali panapostahili.

"Kwani hao wazungu wako na wakfu?"

"Wanao, Mama. Wa programu."

"Basi kuna kitu wameelewa. Na wewe umewajibu nini?"

Nikamweleza masharti yangu, nikidhani atayasifu. Akachukua mfuniko mmoja wa sufuria, akauweka magotini mwake.

"Unajua hizi sufuria zilikuwa zangu?"

"Nilisikia, Mama."

"Zilikuwa za hoteli. Nikafunga hoteli, nikasema natoa wakfu, watu wapikie harusi na matanga. Imamu akaomba dua, watu wakasema amin. Alafu unajua mimi nikafanya nini? Nikazirudisha kwa store yangu nikafunga na kufuli! Ufunguo nikafunga hapa, kwa pembe ya leso." Alicheka mpaka akashika kifua. "Mtu akitaka, lazima akuje kwangu. Namwambia, usichome, usipeleke mbali, usioshe na mchanga. Nilikuwa naenda harusi hata kama sijaalikwa, nasimama hapo kwa moto naangalia vile wanakoroga. Watu walikuwa wananiogopa kuliko mama mkwe!"

Wafula akacheka pia, akidhani kisa kimekwisha. Mama Hadija hakuwa amemaliza.

"Nikaenda Mwingi, harusi ya mtoto wa dada yangu. Huku nyuma akakufa mzee wa watu. Msiba mkubwa, wageni wametoka mpaka Nairobi. Na sufuria ziko ndani, na mimi niko Mwingi na ufunguo. Watu wakapikia kwa sufuria ndogo ndogo za nyumba kwa nyumba. Wageni wengine walirudi bila kula, Rajabu. Kwa msiba! Na sufuria ya wakfu iko hapo nyuma ya mlango."

"Walikulaumu?"

"Hakuna mtu alinilaumu. Imamu aliniuliza tu, 'Mama Hadija, zile sufuria ni za nani?'" Akaupiga mfuniko kofi. "Na mimi nakuuliza wewe. Hiyo kitu yako, umepeana ama umeazima watu tu?"

Nikajitetea kwa jambo lililokuwa chini kabisa ya moyo wangu. Nikamweleza kidole cha baba kwenye kioo, na maneno yake. Nikamwambia, "Mama, jina lile ndilo alilolisoma. Nikilitoa, mimi nitabaki na nini?"

Uso wake ukalegea. Alimjua baba. Akasema taratibu, bila ile sauti yake ya hotelini.

"Juzi Makongeni watu wote wale walikuja kumuombea baba yako. Walikula wakashiba?"

"Walishiba, Mama."

"Walikula kwa sufuria ya nani? Soma hapo."

Akanisogezea ile sufuria iliyooshwa. Chini ya mshikio wa sufuria palikuwa na alama za msumari. Unajua akina mama wanavyowapa mafundi sufuria zao wagongewe majina ili zisipotee kwenye sherehe. Herufi zilikuwepo, lakini zilikuwa zimegongwagongwa tena juu yake mpaka hazisomeki.

"Niligonga mwenyewe na nyundo," akasema. "Nilikuwa nalia. Lakini tangu hiyo siku sijawahi kusumbuka nikisafiri."

Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni nikidhani inawahusu wasio na kitu. Siku ile nilijua kwamba hata aliyetoa bado anaweza kuwa hajatoa. Nilimbusu mkono wenye masizi, nikampa shukrani nikashindwa kuzimaliza.

Jumatatu nilifuta jibu langu la masharti, nikaandika jipya fupi: Pokeeni, ni yenu, nawashukuru. Nikaweka na neno la siri. Wafula alikuwa amesimama karibu.

"Umetoa yote?"

"Yote."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Akaniwekea mkono begani. "Mungu akubariki, buda. Mimi ningelia."

"Nimeshalia," nikamwambia, na haikuwa mzaha.

Marekebisho ya Norhayati yaliingia wiki ile ile, na watu wa ratiba mbili wakarudi kwenye moja. Nilifurahi sana. Lakini nisikufiche: badiliko la pili la ile kamati lilikuwa ukurasa wa kwanza. Waliona kwamba sasa ni kazi ya wengi, kwa hiyo jina lisitangulie la yeyote. Majina yetu wote yakapelekwa kwenye ukurasa wa shukrani, kwa mpangilio wa alfabeti, nami nikajikuta huko kwenye R, katikati ya watu nisiowajua. Niliandika maneno makali ya kuwajibu. Halafu nikaondoa mikono kwenye kompyuta, nikageuza kiti changu nikatazama ukuta wa ofisi, pale penye kalenda.

"Unaangalia nini?" Wafula akauliza.

"Ukuta."

Akaelewa. Akaniletea chai, akaiweka pembeni, kisha akakumbuka Ramadhani imeingia na nimefunga, akaondoka nayo mbio. Nilicheka, na nilipokirudisha kiti nikayafuta yale maneno.

Siku ya Januari mosi ilikuwa Jumamosi. Dunia nzima ilikuwa inaogopa kompyuta, na mimi nilikuwa naogopa moja tu. Nilikwenda Ruiru kwa Mama Hadija. Ratiba mpya ilikuwa ukutani, imechapwa kwa Futari ya wakfu. Saa ikakaribia. Tulikuwa tumeshika tende, hakuna aliyekula. Mama Hadija akatoka nje na jagi lake la uji, akasimama akitazama upande wa kahawa. Tulimwona mgongo tu. Jua likatuama, likapungua, likaingia. Akarudi ndani akaitazama saa, akaitazama ratiba.

"Kuleni," akasema.

Sijawahi kuonja tende tamu kama ile. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Norhayati, ambaye kwake jua lilikuwa limeshazama zamani na labda alikuwa amelala. Nikamshukuru kwa Wafula, kwa yule Msomali na jua lake lisilolala, kwa mama huyu aliyenigongea jina langu nyundo kwa huruma. Na nilimshukuru baba. Ilinijia pale kwamba hakusema "jina lako limefika". Alisema jina letu. Labda alikuwa ameona ukubwa wa neno hilo kabla yangu.

Mama Hadija aliaga dunia miaka mingi baadaye, Mungu amrehemu. Nilikwenda kuzika, na baadaye nikapita pale uani. Pilau ya msiba wake ilikuwa jikoni katika sufuria zile zile. Msichana mmoja alikuwa anasugua moja iliyokwisha kutumika, anaisugua kwa mchanga, mwanangu, kwa mchanga! Nikamuuliza kama anajua sufuria zile ni za nani.

"Hizi?" Akashangaa kuulizwa. "Si ni za watu tu. Zimekuwanga hapo."

Nikatafuta kiti, nikakielekeza ukutani, nikaketi nikalia kwa furaha. Hakuna maneno ya kaburini yangemsifu mama yule kuliko hayo.

Na Ramadhani iliyopita mjukuu wangu mdogo alinizuia hapa hapa mezani. Nilikuwa nimenyoosha mkono kwenye tende, akaniangalia na simu yake mkononi, akasema, "Babu, bado dakika mbili." Nilimpigia Wafula, ambaye sasa amestaafu kwao Bungoma na bado ananitania, nikamtajia programu ya swala aliyoitazama mtoto. Akachunguza, akanipigia akicheka: ile ya kwenye simu ilichukua hesabu zake kutoka programu nyingine, na hiyo nyingine ilizichukua kutoka Futari. Jina langu halimo. La Norhayati halimo. Nikazisubiri zile dakika mbili kama kila mtu, kisha nikala.

Sasa swali lako. Ukishaitoa, utabaki na nini? Utabaki na kile ambacho wote watabaki nacho. Utafuturu kwa wakati wake, pamoja na watu. Mimi sijapata urithi mkubwa kuliko huo, na sikudai mwingine.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kabla hujatoa, wachunguze wanaopokea, maana si kila anayenyoosha mkono ni mtunzaji. Wapo wanaoita wakfu kile ambacho kesho watakiuza. Uliza nani atashika ufunguo mmoja akisafiri, mmoja akiugua. Ukiridhika, toa. Na ukitoa, usifunge ufunguo kwenye pembe ya leso. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na malezi ya kitu cha watu ni ya watu. Baki karibu, sugua sufuria pamoja na wengine, fundisha anayeuliza. Na siku utakapoona wanaisugua vibaya, nawe utaona, geuza kiti. Wakikosea jambo kubwa sema kwa adabu kama mmoja wao. Wakikosea jambo dogo, ukuta haujawahi kumdhuru mtu.

Nenda sasa ukaandike barua yako, na iwe fupi. Mungu akupe watu kama alionipa mimi: wa kukusahihisha kwa upole, wa kukuuliza kama u salama, na mmoja wa kukukemea kwa upendo. Kazi ya mikono yako iwafikie ambao hutawaona, iwasaidie mpaka wasahau kuuliza imetoka wapi. Na siku utakapokuwa mzee umekaa mezani, mtoto akuambie subiri kidogo, usubiri, na kinywani mwako muwe na utamu.